Ritani ya KRA: ujaze mwenyewe, uende saiba, upange laini Huduma ama umpe mhasibu?

Juni ikikaribia swali linaanza kuzunguka kila grupu: ni nani anafaili ritani, ile ripoti ya mapato yako ya mwaka unayotuma KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na anatoza ngapi? Na karibu kila mtu anajibu kwa bei, ati yule wa pale steji ni mia mbili, yule wa ofisini anafanyia watu bure, na bei ndio kitu kidogo kabisa kwa hii maneno. Kitu kikubwa ni pesa yako inatoka wapi na ni nani utamwachia paswadi yako ya iTax, ule mtandao wa KRA wa kufailia ushuru. Ukishajibu hayo mawili, kuchagua hakusumbui tena.

Naandikia Mkenya mwenye PIN yake binafsi, yaani namba yake ya ushuru, si kampuni. Njia ambazo watu wanatumia ni nne: kujifailia mwenyewe kwa iTax, kwenda saiba (duka la kompyuta na intaneti), kwenda Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) ama ofisi ya KRA, na kumlipa mhasibu ama ajenti wa ushuru. Zote nne zinaweza kukufikisha, na zote nne zinaweza kukuharibia.

Kabla hatujalinganisha, kuna mambo hayabadiliki hata ukienda kwa nani. Mwaka wa ushuru ni Januari 1 hadi Desemba 31, na ritani ya mwaka huo unaifaili mwaka unaofuata, mwisho Juni 30. Ukichelewa faini ni shilingi 2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile kubwa kati ya hizo mbili, na hiyo 2,000 inakupata hata kama hukushika shilingi mwaka mzima, bora PIN yako imesajiliwa kwa ushuru wa mapato. Wanafunzi wengi walichukua PIN wakiomba mkopo wa masomo wa HELB wakasahau, halafu siku ya kuomba kazi wanaambiwa walete cheti cha KRA ndio wanagundua kuna ritani za miaka mitatu zinawangoja, na hiyo ni 6,000 ya mtu ambaye hajapata hata mshahara wa kwanza. Kama uko na mdogo wako chuo, muulize leo.

Nitazilinganisha kwa mambo manne: pesa na muda, hesabu yenyewe, paswadi, na nani anabeba mzigo ikiharibika.

Pesa na muda

Hapa hakuna mengi. Kujifailia ni bure, unahitaji tu intaneti na muda wa kukaa chini, na kama una P9 mkononi, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato yako ya mwaka, na mshahara mmoja haikumalizi jioni. Huduma na ofisi za KRA pia ni bure kabisa, mtu yeyote akikuitisha pesa pale ya kukufailia ujue huyo si wa KRA, lakini unalipa kwa muda, manake wiki ya mwisho ya Juni laini ya Times Tower na ya Huduma ya GPO inazunguka jengo. Nenda Februari ama Machi utahudumiwa haraka. Saiba ni mia chache na dakika chache. Mhasibu ndio ghali, na bei yake inafuata ugumu wa mambo yako, mtu wa mshahara mmoja hatatozwa sawa na mwenye duka na ploti mbili za kukodisha, kwa hivyo ulizia bei kabla hujamtumia karatasi hata moja.

Hesabu yenyewe

Hapa ndio tofauti iko, na hapa ndio watu hawaangalii.

Tuanze na mtu wa mshahara mmoja. Huyu mwajiri amemkata PAYE, ushuru wa mshahara, kila mwezi na anapaswa kumpa P9 ya mwaka mzima. Kwa iTax kuna ritani fupi ya watu wa mshahara peke yake, na mara nyingi mfumo wenyewe unakuletea zile namba mwajiri alizotuma, kazi yako ni kuzilinganisha na P9 moja moja. Angalia PIN ya mwajiri, jumla ya mshahara, pensheni, PAYE iliyokatwa, na ile nafuu ya kila mtu ya 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Ukifika mwisho jibu linatakiwa liwe sifuri ama shilingi chache tu. Ikikuonyesha unadaiwa elfu arobaini na uko na kazi moja tu, usibonyeze kutuma, kuna namba imekaa mahali si pake, kawaida ni PAYE imesahaulika kuingizwa ama pensheni haijatolewa. Kwa mtu wa aina hii njia zote nne zinaweza hesabu yake, na kujifailia kuna faida moja kubwa ambayo haisemwi: unajua kama mwajiri anapeleka ile pesa anakukata ama anakaa nayo. Mtu wa saiba hawezi kukuambia hivyo, yeye anataka ritani iende amwite anayefuata.

Kitu kingine, P9 za 2025 kuendelea hazisomeki kama za zamani. Tangu mwisho wa Desemba 2024 pesa ya SHIF, ile bima ya afya ya serikali, na ile asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu zinatolewa kwa mshahara kabla ushuru haujahesabiwa, na kiwango cha pensheni kisichotozwa kikapanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, riba ya mkopo wa nyumba nayo ikatoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Yeyote anayekujazia, hata awe ni wewe mwenyewe, akijaza kwa mazoea ya miaka iliyopita atapotea. Wa Huduma wanajua, mhasibu anayefanya kazi yake anajua, wa saiba inategemea ni nani umempata.

Halafu kuna bima. Kama unalipa bima ya maisha ama ya afya kutoka mfukoni mwako, bila kupitia kwa mwajiri, una haki ya nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, nafuu yenyewe mwisho 60,000 kwa mwaka. Chukua mtu analipa 4,000 kila mwezi, hiyo ni 48,000 kwa mwaka, nafuu yake ni 7,200. Mwajiri hajui hiyo bima iko, kwa hivyo haiko kwa P9, na usipoiweka mwenyewe na cheti cha malipo kutoka kwa kampuni ya bima hakuna atakayekuwekea, hiyo pesa imeenda. Saiba hawatakuuliza. Huduma watakusaidia ukiwaambia. Mhasibu mzuri ndio swali lake la kwanza hilo. Na ukiona umelipa ushuru zaidi unaomba kurudishiwa huko huko iTax, sheria inakupa miaka 5 ya kuomba.

Sasa mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja, mwalimu anayefundisha chuo kingine jioni kwa mfano, ama daktari wa serikali mwenye zamu kwa hospitali ya kibinafsi. Kila mwajiri anamhesabia kama vile yeye ndiye peke yake, anampa ile hatua ya kwanza ya asilimia 10 kwa 24,000 za mwanzo, na wakati mwingine wote wawili wanampa nafuu ya 2,400. Ukijumlisha mwisho wa mwaka inaonekana umepata nafuu mara mbili, 28,800 inarudi kwako kama deni na juu yake tofauti ya zile hatua za ushuru. Watu wengi wakiona hilo deni wanaficha P9 moja, na hiyo ni hatari kwa sababu mwajiri wa pili ameshapeleka jina lako KRA kila mwezi. Jifailie kama unaelewa hesabu, ama pitia Huduma, ila saiba hapa singekushauri.

Mwenye kazi za kandarasi, watu wa kuandika, ma-DJ, wapiga picha, wakufunzi. Mteja akikulipa 100,000 anakata asilimia 5, anakupa 95,000, na ile 5,000 inaenda KRA kwa PIN yako. Wengi wanadhani ushuru umeisha hapo. Haujaisha. Hiyo 5,000 ni malipo ya mapema tu, unatakiwa utangaze 100,000 yote, utoe gharama zako, uhesabu ushuru, halafu ndio utoe ile 5,000 iliyokwisha kulipwa. Vile vyeti vya makato viko ndani ya iTax yako, vitafute kabla hujaanza. Na gharama haitoshi kusema nilitumia, tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, KRA hawaikubali, isipokuwa zile chache sheria imeachilia. Hapa mhasibu anaanza kujilipa mwenyewe.

Na kuna tarehe inayowamaliza hawa watu wa kandarasi na biashara: ritani ni Juni 30, lakini salio la ushuru lilitakiwa liwe limelipwa Aprili 30. Kama ushuru wako wa mwaka unafika 40,000 na haujakatwa mahali, unatakiwa hata ulipe kwa awamu nne ndani ya mwaka, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Ukienda saiba Juni 28 na ritani ya biashara, hata akijaza vizuri namna gani, riba ilishaanza kuhesabiwa. Mhasibu uliyemwona Januari angekuwa amekuambia.

Mwenye nyumba za kukodisha watu kuishi, kodi ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, analipa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, bila kutoa gharama. Hiyo ikishalipwa imeisha, haitozwi tena kwa ritani ya mwaka. Ukishafanya mara mbili tatu na mtu wa Huduma akikuelekeza, unaweza kujifanyia kwa simu. Ukitaka kutoa gharama kwa sababu umekopa benki na riba ni kubwa, hiyo ni njia nyingine, na hapo mtafute mhasibu akupigie hesabu zote mbili kabla hujachagua.

Tumalizie na ritani ya nil. Ni ya mtu asiye na kipato chochote, mwanafunzi, aliyepoteza kazi kabla mwaka haujaanza, mama aliye nyumbani. Si ya mtu wa mshahara aliyekosa P9. Usiku wa Juni 30 kwa saiba nyingine mtu anabonyezewa nil kwa sababu ndio ya haraka, na yeye anatoka anashukuru, kumbe KRA tayari wana PAYE yake ya miezi kumi na mbili. Kama ulifanyiwa hivyo inarekebishika, unafaili ritani ya marekebisho, una miaka 5 tangu ulipotuma ile ya kwanza. Usingoje wakuandikie barua.

Paswadi

Ndani ya iTax kuna mshahara wako, PIN yako, wakati mwingine akaunti ya benki. Ukijifailia mwenyewe, siri yako inabaki kwako, hakuna mjadala. Huduma pia uko salama, unaandika paswadi mwenyewe na afisa anakuelekeza.

Saiba ni shida ya aina mbili. Ya kwanza ni ile kompyuta, paswadi inaweza kubaki imehifadhiwa pale na wewe umeshaenda, na dawa yake ni rahisi, kaa hapo mpaka mwisho, hakikisha ametoka kwa akaunti yako, ukifika nyumbani badilisha paswadi. Ya pili ndio mbaya zaidi na imepata watu wengi sana, hasa wale waliotolewa PIN saiba miaka ile: email iliyo kwa PIN yako si yako, ni ya mwenye saiba. Ukisahau paswadi, ujumbe wa kuibadilisha unaenda kwake. Amefunga duka ama amehama mji, wewe umefungiwa nje ya akaunti yako mwenyewe. Angalia leo email na namba ya simu iliyo kwa iTax yako. Kama si zako na bado unaingia, badilisha ukiwa ndani. Kama huwezi kuingia, nenda Huduma na kitambulisho wakubadilishie, na hii ndio kazi moja ambayo ningemwambia kila mtu aende Huduma bila kufikiria mara mbili.

Mhasibu hatakiwi kukuomba paswadi. Ajenti aliyesajiliwa na KRA unamteua ndani ya iTax, anafanya kazi yako kupitia akaunti yake, mkimalizana unamwondoa. Akikuambia mtumie paswadi kwa WhatsApp, muulize kwa nini. Na kabla ya yote hakikisha kweli amesajiliwa, ukurasa wa mbele wa iTax una mahali pa kuhakiki ajenti kwa PIN yake bila hata kuingia kwa akaunti.

Ikiharibika

Sheria inamjua mwenye PIN. Aliyekujazia akikosea, barua inakuja kwako, faini ni yako, na kusema nilifanyiwa na kijana fulani hakupunguzi chochote. Hilo ni sawa kwa njia zote nne, tofauti ni utarudi kwa nani. Mwenyewe unajua ulichojaza, unarudi unarekebisha. Huduma unarudi na karatasi unaonyesha. Saiba unarudi unakuta ni mtu mwingine zamu, ingawa kuna wenye saiba za mtaani wamehudumia watu miaka mingi na jina lao ndio biashara yao, hao wanarekebisha na hawakutozi tena. Mhasibu yuko chini ya sheria, kama ni CPA yuko chini ya ICPAK, taasisi ya wahasibu Kenya, na unaweza kumshtaki huko, na usajili wake wa ajenti unaweza kufutwa, kwa hivyo ana cha kupoteza.

Popote utakapoenda, usiondoke bila ile risiti ya iTax inayoonyesha ritani imepokelewa, ifike kwa email yako na uiweke. P9, vyeti vya bima, ankara, zote weka miaka 5. Na pesa ya ushuru usimpe mtu mkononi wala usimtumie kwa namba yake akulipie, iTax inakutolea namba ya malipo, PRN, unalipa mwenyewe kwa Paybill 222222 na hiyo PRN ndio akaunti. Dakika moja tu, na hakuna atakayekuambia baadaye ati pesa ilipotea njiani.

Sasa wewe uko wapi

Mshahara mmoja, P9 iko, simu ama kompyuta unaimudu: jifailie, fanya Februari ama Machi mfumo ukiwa mwepesi. Mwaka wa kwanza utachukua muda, wa pili hautachukua.

Mshahara mmoja lakini kompyuta inakuogopesha, ama ni mzazi wako anahitaji ritani ya nil kila mwaka: Huduma ikiwa karibu, ama saiba ya mtu mnayemjua, nawe uende naye, ukae hapo, uangalie email iliyoandikwa. Ukiweza kumfanyia mwenyewe mzazi wako, bora zaidi.

Huna kipato: nil, mwenyewe, ni hatua chache tu. Usilipe mtu kwa hiyo kama unaweza kuingia kwa akaunti yako.

Umefungiwa nje ya akaunti, email si yako, ama una faini za zamani huzielewi: Huduma ama ofisi ya KRA, na usiende Juni.

Kazi mbili: jifailie kama unaelewa hesabu, la sivyo Huduma, ama mhasibu kama deni linaloonekana ni kubwa.

Kandarasi, biashara, nyumba unazotaka kutoa gharama: mhasibu aliyesajiliwa, na umwone mwanzo wa mwaka wala si mwisho wa Juni. Kama kandarasi ni moja ama mbili na gharama ni kidogo, unaweza kujifailia ukiwa na vyeti vya makato.

Mwenye ulemavu anayepata mshahara anaweza kuachiliwa ushuru kwa 150,000 za kwanza kwa mwezi, lakini mpaka awe na cheti cha KRA cha kuachiliwa. Cheti kikiisha muda mwajiri anaanza kukata, kwa hivyo anza na ofisi ya KRA uhakikishe tarehe, halafu ritani inakuwa kama ya mtu mwingine yeyote.

Uko Doha, Riyadh ama Marekani na PIN ya Kenya bado iko: bado unadaiwa ritani. Kama hukukanyaga nyumbani mwaka mzima na huna kipato Kenya, nil unaifanya mwenyewe kutoka huko. Lakini kama una makao ya kudumu Kenya na ulikuja hata wiki mbili Desemba, sheria inaweza kukuhesabu kama mkaazi wa mwaka huo, na mshahara wa huko unaingia kwenye swali, kwa hivyo ongea na mhasibu kwanza kabla hujabonyeza nil.

Na kama unasoma hii ni Juni 29 na hujaanza: jaza leo na ulicho nacho kilicho sahihi, mkumbushe mtu wa HR P9 yako asubuhi. Ukikuta unadaiwa na pesa huna, faili tu. Kutolipa kuna adhabu yake ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, kutofaili ni faini nyingine juu ya hiyo, na mtu aliyefaili anaweza kuwaandikia KRA aombe kulipa kidogo kidogo.